Meli ya Shehena Iliyobeba Ndege: HMS Battler na Vita vya Kulinda Misafara katika Bahari ya Hindi

Kila mara habari za Bahari ya Shamu au za Ghuba zinapochukua kurasa za mbele, picha ile ile hurudi: manowari ya Marekani yenye urefu wa zaidi ya mita 330, ndege za kivita zimepangwa ubavuni mwa sitaha yake bapa kama madau yaliyopwelewa ufukoni, na maelezo yaliyo chini yanasema kwamba meli ya kubeba ndege imepelekwa kulinda njia za biashara. Picha hiyo imetujengea wazo moja tu la jina hilo. Ndiyo maana msomaji akiambiwa kwamba wakati wa Vita vya Pili vya Dunia Marekani iliunda meli za kubeba ndege zaidi ya 100 katika miaka michache, hudhani ni porojo, kwa kuwa anajua kwamba leo hata mataifa tajiri yanahangaika kumudu moja. Taarifa hiyo ni ya kweli. Kinachosahauliwa kuelezwa ni kwamba nyingi kati ya meli hizo zilikuwa za jamaa nyingine kabisa, zilizobuniwa kwa kazi nyingine, na ambazo leo hazimo tena katika jeshi lolote la wanamaji.

Jamaa hiyo iliitwa manowari ya kubeba ndege ya kusindikiza. Nitaieleza kwa kufuata maisha ya meli moja, HMS Battler ya Uingereza. Zipo nyingine zenye sifa kubwa zaidi vitabuni, lakini nimeichagua hii kwa kuwa kazi yake muhimu kuliko zote ilifanyika katika Bahari ya Hindi, bahari ambayo sisi wa Afrika Mashariki tumezoea kuisoma kana kwamba vita ile iliipita mbali.

Tuanze na maneno. Manowari ni meli yoyote ya kivita. Neno lenyewe tulilichukua kwa mabaharia wa Kiingereza, tukalifanya letu. Nyambizi ni chombo cha kivita kinachoweza kuzama na kuibuka kitakapo. Torpido ni kombora linaloogelea: linarushwa ndani ya maji na kwenda lenyewe hadi kwenye ubavu wa meli inayolengwa. Msafara, katika makala haya, ni kundi la meli za mizigo au za abiria zinazosafiri pamoja zikilindwa na manowari, kama wafanyabiashara wa zamani walivyosubiriana ili wavuke nyika wakiwa wengi. Kusindikiza ni kuulinda msafara huo tangu bandari moja hadi nyingine. Kwa hiyo manowari ya kubeba ndege ya kusindikiza ni meli iliyoundwa ili mahali ambapo hakuna uwanja wa ndege kwa mamia ya kilomita, msafara uwe na uwanja wake unaotembea nao.

Ili kuona kwa nini uwanja huo ulihitajika, lazima kwanza tuondoe dhana moja iliyoenea sana kuhusu nyambizi. Nyambizi za leo zenye nguvu za nyuklia hukaa chini ya maji kwa miezi. Nyambizi za wakati ule hazikuwa hivyo. Kwa hakika zilikuwa meli za juu ya maji zenye uwezo wa kupiga mbizi kwa muda. Juu ya maji, zikitumia injini za dizeli, zile kubwa za Kijerumani zilizofika Bahari ya Hindi ziliweza kwenda zaidi ya kilomita 30 kwa saa, kasi inayoupita msafara wowote wa mizigo. Zikizama, injini za dizeli hazikuweza kufanya kazi kwa kukosa hewa, na chombo kiliendeshwa kwa betri. Kasi ilishuka hadi kilomita 13 hivi kwa saa, na hata hiyo haikudumu, kwani betri ziliisha upesi. Nahodha aliyetaka kukaa chini muda mrefu alilazimika kwenda polepole kama mtu anayetembea kwa miguu.

Msafara wa kawaida ulikwenda kati ya kilomita 13 na 18 kwa saa. Maana yake ni kwamba nyambizi iliyo juu ya maji iliweza kuufuata msafara, kuuzunguka, kwenda mbele yake na kuungoja gizani. Nyambizi iliyozama iliachwa nyuma. Hapa ndipo ilipo siri yote ya ndege katika vita vile. Ndege haikulazimika kuizamisha nyambizi ili iwe imefanya kazi yake. Ilitosha ndege ionekane angani, nyambizi ikimbilie chini, na msafara upite zake. Mzee anayekaa shambani siku nzima akifukuza nyani huenda asimwue hata mmoja, na bado mahindi yakavunwa.

Kuna na suala la kuona. Baharia aliyesimama mita tisa juu ya maji, hali ya hewa ikiwa safi, huona hadi kilomita 10 au 11, kisha mviringo wa dunia humfichia yaliyoko mbele. Mgema aliye juu ya mnazi wa mita 20 ameshafika kilomita 16, na ndiyo maana watu wa pwani waliozoea kungoja vyombo hawakumwuliza aliye chini bali aliye juu. Ndege iliyo mita 600 angani ina upeo wa kilomita 85 na zaidi. Hata tukikubali kwamba nyambizi ni kitu kidogo na kwamba ukungu na mawimbi huipunguza sana nafasi ya kuiona, tofauti kati ya kuangalia kutoka sitahani na kuangalia kutoka angani inabaki kubwa mno.

Ndege za nchi kavu zilikuwapo, lakini katikati ya Atlantiki kulikuwa na eneo ambalo katika miaka ya mwanzo hazikulifikia, na nyambizi za Kijerumani zilijikusanya humo. Uingereza ilijaribu dawa ya haraka mwaka 1941: iliichukua meli ya mizigo ya Kijerumani, Hannover, iliyokuwa imetekwa mwaka uliotangulia, ikakatwa sehemu za juu na kutandikwa sitaha bapa, ikapewa jina HMS Audacity. Haikuwa hata na banda la ndege. Ndege zake chache zililala nje, na mafundi walizitengeneza usiku kwenye upepo na mvua. Mwezi Desemba 1941 ilisindikiza msafara kutoka Gibraltar kwenda Uingereza, na katika mapambano hayo Wajerumani walipoteza nyambizi tano. Audacity yenyewe ilizamishwa tarehe 21 Desemba, lakini ilikuwa imekwisha kuthibitisha jambo: ndege chache kwenye meli duni, zikiwa mahali panapostahili, zilikuwa na thamani kubwa kuliko ndege nyingi zilizo mbali.

Battler ni mtoto wa wazo hilo. Mkuku wake, yaani uti wa mgongo wa meli, ulilazwa tarehe 15 Aprili 1941 katika viwanda vya Ingalls huko Pascagoula, jimbo la Mississippi, na wakati huo ilikusudiwa kuwa meli ya kawaida ya shehena iitwayo Mormactern. Ikiwa bado inaundwa, jeshi la wanamaji la Marekani liliichukua igeuzwe meli ya kubeba ndege na kuipa jina Altamaha, kisha ikaamuliwa ikabidhiwe kwa Uingereza chini ya sheria ya mwaka 1941 iliyoiruhusu Marekani kuwakopesha na kuwakodisha washirika wake zana za vita. Ilishushwa majini tarehe 4 Aprili 1942, na kabla mwaka huo haujaisha ilikuwa inapeperusha bendera ya wanamaji wa Uingereza. Herufi HMS mbele ya jina lake zilimaanisha kwamba ni meli ya mfalme wa Uingereza.

Kusema kwamba ilikuwa meli ya shehena si mfano wa maneno tu. Kuanzia mkukuni hadi usawa wa sitaha ya kwanza ilikuwa ile ile meli iliyokusudiwa kubeba makasha na magunia. Urefu wake ulikuwa mita 150, chini ya nusu ya zile tunazoziona kwenye habari, na uzito wake ikiwa imejaa ulikuwa tani 14,000 na kidogo, ilhali za leo za Marekani hufika tani 100,000. Rafadha, yaani propela ya kuisukuma majini, ilikuwa moja. Kasi yake ya juu ilikuwa kilomita 33 au 34 kwa saa; manowari kubwa ya kubeba ndege ilipita kilomita 55. Hakukuwa na bamba nene za chuma ubavuni za kuzuia risasi za mizinga. Juu ya mwili huo ndipo lilipojengwa banda la ndege, na juu ya banda ikatandikwa sitaha ya kurukia iliyouzidi uwanja wa mpira kwa mita 30 hivi tu. Lifti mbili zilipandisha na kuteremsha ndege, manati ilisaidia kuzirusha, na nyaya zilizotandazwa kukatiza sitaha zilinasa ndoano ya mkiani mwa ndege inayotua ili isiendelee hadi ikatumbukia upande wa omo, yaani mbele ya meli. Ndege zilizobebwa kwa kawaida hazikuzidi 20 na ushee.

Msomaji anaweza kuuliza: kama ilikuwa dhaifu hivyo, ilikuwa na faida gani? Faida yake ya kwanza ilikuwa kuwapo. Manowari kubwa ya kubeba ndege ilichukua miaka kuundwa, na ikizama haikuwa na mbadala. Meli za jamaa ya Battler ziliundwa katika viwanda vya meli za biashara, na mafundi wanaojua kuunganisha meli za mizigo. Kiwanda cha Kaiser kilichoko Vancouver, jimbo la Washington, kilikabidhi meli 50 za aina nyingine ya kusindikiza ndani ya takriban mwaka mmoja, kati ya Julai 1943 na Julai 1944. Na kwa kuwa misafara yenyewe ilikwenda polepole, kasi ndogo ya msindikizaji haikuwa kilema.

Kasi hiyo ilikuwa kilema mahali pengine, na hapa historia ya Battler inatufundisha kupitia kosa. Ndege inapotua juu ya meli, jambo la maana si kasi ya ndege peke yake bali tofauti kati ya kasi ya ndege na ile ya sitaha. Aliyewahi kudandia daladala inayoondoka analijua jambo hili mwilini: ukikimbia kuelekea inakokwenda, mwendo wako na wake unakaribiana na mguu unatua salama, ukisimama tuli, inakuvuta na kukuangusha. Nahodha wa meli ya ndege hugeuza omo kuelekea upepo unakotoka na kuongeza mwendo, ili upepo wa asili ujumlishwe na upepo wa mwendo wa meli, na ndege inayoukabili upepo huo ikaribie sitaha polepole. Meli ya kasi hujitengenezea upepo hata siku shwari. Meli ya kilomita 33 kwa saa inaomba Mungu ailetee upepo.

Tarehe 9 Septemba 1943 majeshi ya Uingereza na Marekani yalishuka Salerno, kusini mwa Italia. Viwanja vya ndege vya Sicily vilikuwa mbali kiasi kwamba ndege za kivita zilizotoka huko ziliweza kukaa juu ya ufuko kwa dakika chache tu, hivyo kikosi cha meli tano chini ya amiri wa Uingereza Philip Vian kiliwekwa karibu na pwani: Unicorn, na pamoja nayo Attacker, Battler, Hunter na Stalker, nne za kusindikiza. Ndege zilikuwa Seafire, yaani Spitfire iliyorekebishwa kwa ajili ya meli, ndege ya kasi, yenye miguu myembamba na tumbo jepesi. Bahari ilikuwa kama mafuta, upepo haukuwapo. Marubani waliruka zaidi ya mara 700 hadi tarehe 12, na uwepo wao uliwazuia marubani wa Kijerumani wasifanye walivyotaka. Lakini Seafire zaidi ya 40 zilipotea au kuharibika kiasi cha kutofaa tena, karibu zote katika ajali za kutua, wakati ndege za adui walizoziangusha zilikuwa mbili. Wapo wanaotumia hesabu hiyo kuzidharau meli hizo. Mimi naiona kuwa hesabu ya chombo kilichopewa kazi isiyo yake, siku isiyo na upepo, na watu waliojitahidi hivyo hivyo.

Katika miezi iliyofuata, Battler ilitumwa Bahari ya Hindi, na huko ilikutana na kazi iliyoumbiwa.

Inafaa tukumbuke hali ya bahari hii wakati huo. Mwezi Aprili 1942 Wajapani waliishambulia Ceylon, ambayo sasa ni Sri Lanka, wakazamisha manowari kadhaa za Waingereza ikiwamo meli ya kubeba ndege Hermes. Sehemu kubwa ya meli za Uingereza za Mashariki ilirudi nyuma hadi Mombasa, na Kilindini, bandari ambayo jina lake lenyewe latueleza kina cha maji yake, ikawa makao ya jeshi hilo la wanamaji. Wataalamu wa kusoma mawasiliano ya siri ya Wajapani walihamishiwa hapo pia, na kufanyia kazi yao katika shule ya Allidina Visram. Katikati ya mwaka huo nyambizi za Kijapani zilizamisha meli nyingi za biashara katika mlango wa bahari kati ya Bukini (Madagaska) na Msumbiji. Mwaka uliofuata Wajerumani walianza kutuma nyambizi zao kubwa hadi Penang, Malaya, bandari iliyokuwa mikononi mwa Wajapani, ili ziwinde kati ya Adeni, Bara Hindi na pwani yetu. Kundi hilo waliliita Monsun, yaani jina la pepo zile zile zilizoleta majahazi ya kaskazi na kuyarudisha kwa kusi.

Adui huyo alikuwa na udhaifu mmoja, nao ni mafuta. Kutoka Ulaya hadi Penang na kurudi ni safari ndefu kupita uwezo wa matangi ya nyambizi nyingi zikiwa pia na uwindaji wa kufanya njiani. Wajerumani waliweka meli za mafuta sehemu zisizopitwa na mtu, kusini mwa Morisi, na nyambizi zilikwenda kuonana nazo kwa miadi iliyopangwa kwa redio. Waingereza walikuwa wakisoma sehemu ya mawasiliano hayo ya siri. Walijua kwamba miadi ipo, na walijua eneo. Lakini eneo katika bahari kuu ni duara la mamia ya kilomita, na manowari inayoonekana ikija itawafanya wote watawanyike kabla haijafika. Kilichokosekana ni jicho la juu.

Meli ya kwanza ya mafuta, Charlotte Schliemann, iligunduliwa na ndege ya masafa marefu iliyotoka Morisi, na manowari Relentless ikaimaliza usiku wa kuamkia tarehe 12 Februari 1944. Ya pili iliitwa Brake. Kwa ajili yake ilitoka Battler, ikifuatana na manowari nyingine, ikiwamo Roebuck iliyokuwa ya mwendo wa kasi, na juu ya sitaha yake zilikuwapo Swordfish za kikosi cha 834.

Swordfish inastahili tusimame kidogo, kwa sababu watu wakiiona pichani hudhani ni ndege ya vita vya kwanza. Ilikuwa na mabawa mawili yaliyopandana, yameshikiliwa kwa vijiti na nyaya, na mwili wa chuma uliovishwa kitambaa. Watu watatu walikaa humo wamefuatana, bila paa, nyuso zao zikipigwa na upepo wa propela. Ilikwenda polepole kiasi kwamba mabaharia waliipachika jina la mfuko wa nyuzi wa kwenda nao sokoni, wakimaanisha pia kwamba hakuna mzigo usioingia: torpido, mabomu ya kulipukia chini ya maji, roketi, hata rada. Na ule upole wa mwendo uliokuwa aibu yake mbele ya ndege nyingine ndio uliokuwa baraka yake juu ya Battler. Mwangalie rubani akirudi baada ya saa tatu za kuangalia maji matupu. Sitaha iliyo mbele yake inapanda na kushuka na wimbi. Pembeni, upande wa shetri, yaani nyuma ya meli, amesimama askari mwenye vibao viwili mikononi. Akiviinua, rubani apande. Akiviteremsha, ashuke. Akivikutanisha, rubani anakata moto wa injini. Ndoano inaburuzika, inanasa waya, na ndege nzima inasita ghafla kama mbuzi aliyefika mwisho wa kamba. Seafire ilifika hapo kwa kasi iliyovunja miguu yake. Swordfish ilifika kama kunguru anayetua ukutani.

Tarehe 12 Machi 1944, kusini-mashariki mwa Morisi, Swordfish ya Battler iliiona Brake, na karibu nayo nyambizi zilizokuwa zimekuja kuchukua mafuta. Battler haikusogea kupigana. Haikuwa na mizinga ya kazi hiyo, na haikupaswa kuhatarisha ubavu wake mwembamba. Ilieleza mahali, na Roebuck ikakimbia hadi huko na kufyatua mizinga mpaka Brake ikazama. Mabaharia wake waliokolewa na moja ya nyambizi zile. Tukihesabu kwa kuzamisha peke yake, siku hiyo Battler haikuzamisha kitu. Lakini baadhi ya nyambizi zilizokuwa zikingojea mafuta yale zililazimika kurudi Penang, na mpango wa Wajerumani wa kuziwezesha kuishi kwa muda mrefu katika bahari hii ulikatika, kwani katika mwezi mmoja walikuwa wamepoteza meli zote mbili. Sijui tendo lingine moja linaloeleza vizuri zaidi kazi ya meli hizi: jicho lake liliona, mkono wa mwenzake ukapiga.

Gharama ya kukosa jicho hilo ilikuwa imeonekana mwezi mmoja tu nyuma. Mapema Februari 1944 msafara wa meli tano za askari ulitoka Kilindini kwenda Colombo. Ulilindwa na manowari kubwa Hawkins, na katika sehemu ya mwisho na nyingine mbili za kasi, Petard na Paladin. Meli ya kubeba ndege haikuwamo; za aina hiyo katika bahari nzima zilihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Tarehe 12 Februari, yapata saa nane u nusu mchana, msafara ukiwa karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga Khedive Ismail kwa torpido mbili. Meli ilizama kwa muda usiotimia dakika mbili. Kati ya watu 1,511 waliokuwamo walikufa 1,297. Wengi wao walikuwa askari wa kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki, na pamoja nao walikuwamo wauguzi na wanawake wengine wa jeshi. Petard na Paladin ziliiwinda I-27 na kuizamisha siku ile ile, baada ya kupambana nayo kwa shida kubwa. Hakuna awezaye kuapa kwamba ndege ya doria ingeiokoa Khedive Ismail, kwa kuwa nyambizi iliyojificha tayari mbele ya njia ni vigumu kuiona hata kutoka juu. Ila ndiyo hasa hatari ambayo doria ya anga mbele ya msafara ilikusudiwa kuipunguza.

Kuna mzaha wa mabaharia wa Kimarekani ambao hadi leo hunukuliwa kana kwamba ni ushahidi: kwamba herufi tatu zilizotumiwa rasmi kuzitambulisha meli hizi zilisimama badala ya maneno yenye maana ya kuungua upesi, kujeruhika kwa urahisi, na kutupwa bila majuto. Uzito wa mzaha huo unaeleweka. HMS Dasher ililipuka yenyewe karibu na pwani ya Scotland mwezi Machi 1943 na kuua watu 379. USS Liscome Bay ilipigwa torpido moja mwezi Novemba mwaka huo katika Pasifiki, ghala lake la mabomu likalipuka, wakafa 644. Na tarehe 25 Oktoba 1944, karibu na kisiwa cha Samar huko Ufilipino, meli sita za kusindikiza za Marekani zilijikuta uso kwa uso na manowari kubwa za Kijapani, ikiwamo Yamato. Gambier Bay ilizamishwa kwa mizinga, na St. Lo ikazamishwa na rubani aliyejitoa mhanga. Lakini siku hiyo hiyo ndege za meli hizo dhaifu na manowari ndogo zilizozilinda ziliwashambulia Wajapani kwa ukali uliowafanya wageuze njia. Udhaifu wa mwili wa meli na udhaifu wa thamani yake ni mambo mawili, na mzaha ule huyachanganya.

Tukirudi katika bahari yetu, mwaka 1944 meli nyingine za jamaa ya Battler ziliwasili, ikiwamo Shah na Begum. Mwanzoni mwa Agosti nyambizi ya Kijerumani U-198 ilizamisha meli mbili za mizigo, Empire City na Empire Day, siku mbili mfululizo, katika maji yaliyo mashariki ya pwani ya Msumbiji na Tanganyika. Shah na Begum, pamoja na manowari ndogo za ulinzi za Uingereza na Bara Hindi, zilitumwa kuitafuta. Tarehe 10 ndege ya Shah iliiona na kuilazimisha kuzama. Kuanzia hapo nyambizi hiyo ilikuwa na betri zinazopungua, na juu yake ndege zinazopokezana. Ikienda ingechoka, ikiibuka ingeonekana. Tarehe 12 Agosti, karibu na Shelisheli, Findhorn ya Uingereza na Godavari ya Bara Hindi ziliipata na kuizamisha na watu wake wote 66. Huo ulikuwa utaratibu ule ule wa Brake, ila sasa uliratibiwa vizuri zaidi na kwa meli nyingi zaidi.

Vita vilipokwisha, haja ya meli hizi iliisha navyo. Misafara haikuwapo tena, ndege mpya zilikuwa nzito na za kasi kupita uwezo wa sitaha fupi, na mkataba wa mkopo ulitaka kilichosalia kirudi kwa mwenyewe. Nyingi zilibomolewa na kurudishwa kuwa meli za mizigo. Battler ilirejeshwa Marekani mwezi Februari 1946, na mwaka huo huo ikauzwa kama chuma chakavu.

Haina mabaki ya kutazamwa popote. Anayetaka kuona alama ya vita vile bila kuvuka bahari anaweza kwenda katika makaburi ya vita ya Nairobi, kwenye mnara wa kumbukumbu wa Afrika Mashariki, ambako yameandikwa majina ya askari wasio na kaburi linalojulikana, wakiwamo wale waliopanda Khedive Ismail Kilindini wakielekea Colombo.